Meza Safi na Mpira wa Mwezi Machi

Jumatatu, 3 Novemba

Leo ni siku kubwa. Mkuu wetu wa kitengo cha prufu, kinachosoma kurasa kabla hazijachapwa, anastaafu. Miaka ishirini na sita amesoma makosa ya watu, sasa macho yamechoka. Madam, mwenye kiwanda cha uchapaji, alituita ofisini kwake sisi wawili, mimi na Bwana Rula. Bwana Rula ni msomaji prufu mwenzangu. Hutembea na rula mfukoni mwa shati na huiweka chini ya kila mstari anaousoma, hata akisoma tangazo la ukutani. Madam alisema mmoja wetu atakuwa mkuu, na ataamua Ijumaa ya tarehe 14. Sifa ni moja tu. Anataka mtu ambaye kazi hailali mezani kwake.

Niliitikia kwa kichwa mara nne. Rula mara moja. Tayari namzidi.

Ukuu wenyewe si mchezo. Mkuu ana chumba chenye mlango, dirisha linalofunguka na kiti kinachozunguka. Mimi nakaa kwenye kiti kinachoyumba, na kuyumba si kuzunguka.

Tatizo ni kwamba kazi hulala mezani kwangu. Hulala, hukoroma, hata hujigeuza ubavu. Leo zilikuwepo kadi za harusi, kijitabu cha maelekezo ya jiko la gesi, kanuni za chama cha wafuga njiwa, na juu kabisa kalenda ya mwaka ujao ya chuo cha lugha, nakala mbili. Hiyo ina misemo kumi na miwili ya Kiingereza, kila mwezi mmoja, na chini yake maana na matumizi kwa Kiswahili. Nikaifungua bila kuchagua, ikaangukia Machi. Nikaweka kikombe cha chai juu yake, nikaanza kufikiria kile kiti.

Hapo ndipo macho yangu yalipotua kwenye msemo wa Machi. The ball is in your court. Maana: mpira uko kwenye uwanja wako, zamu ni yako, hatua inayofuata ni juu yako. Chini yake kulikuwa na maelezo ya matumizi, lakini hapo ndipo kikombe kilipokaa, na chai ilikuwa bado ya moto. Haikuwa na haja. Nilikwisha kuelewa! Nilisimama kwa furaha. Nikakaa tena, maana Rula alikuwa ananitazama.

Jioni mke wangu akaniuliza kama nimeshamuulizia kazi kwa Madam. Alikuwa mwalimu, shule yao ikafungwa mwaka jana, na tangu hapo anaandika barua za maombi. Niliahidi kumsemea wiki mbili zilizopita. Bado. Nitamsemea nikishakuwa mkuu, maana neno la mkuu lina uzito. Nikamwambia kwa sauti tulivu kwamba mpira uko kwa Madam. Akafurahi, akanipigia pasi shati la kesho.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeanza kazi rasmi. Saa mbili na robo nilichukua kalenda, nikabandika kikaratasi cha manjano kwenye jalada, nikaandika: "Mpira uko kwako." Nikaipeleka kwa Rula. Akauliza nimeisoma mpaka wapi. Nikamwambia asome kikaratasi. Akakisoma, rula chini ya maneno, akasema sawa. Sawa! Kirahisi namna hiyo!

Kadi za harusi zikaenda kwa Dada wa Kompyuta, anayepanga kurasa. Kanuni za wafuga njiwa zikamfuata. Kijitabu cha jiko kikaenda kwa Mzee wa Mitambo kule nyuma, ambaye huendesha mashine za kuchapa na hapendi kusemeshwa. Kila mmoja na kikaratasi chake. Kufika saa nne meza yangu ilikuwa tupu. Sikuwahi kujua kwamba ina rangi ya kahawia.

Madam alipita saa tano. Alisimama. Akatazama meza yangu, akatazama ya Rula, iliyojaa makaratasi mpaka kidevuni mwake. Akasema kwamba anaona mabadiliko. Nilijikohoza kwa unyenyekevu. Kusema kweli nina huruma na Rula, lakini huruma haizunguki.

Jumatano, 5 Novemba

Nilileta kitambaa kutoka nyumbani, nikaifuta meza mara mbili kabla ya chai na mara moja baada yake. Madam alipita nikiwa naifuta. Wenzangu wameanza kuniita Meza Safi. Wanadhani wananitania. Nimelipenda.

Kazi mpya zilizoingia leo ni sita. Hakuna iliyokaa kwangu zaidi ya dakika tatu. Ya sita sikuiweka hata mezani, niliipokea mkono wa kulia na kuitoa mkono wa kushoto. Rula aliondoka akisugua macho. Aliniuliza mlangoni kama kazi hazinizidi. Nikamwambia siri ni mpangilio.

Nyumbani mke wangu akauliza tena kuhusu Madam. Nikamwambia mpira bado uko kulekule. Akaniuliza Madam alisemaje hasa, kwa maneno yake mwenyewe. Nikasema Madam si mtu wa maneno mengi. Hilo ni kweli kabisa, kwa hiyo sikusema uongo.

Alhamisi, 6 Novemba

Fitina! Rula amegundua.

Nilipofika asubuhi nilikuta kalenda mezani kwangu. Juu ya kikaratasi changu kilikuwepo kikaratasi cha bluu, kimebandikwa sambamba kabisa na ukingo: "Mpira umerudi." Nilipigwa na butwaa. Nikabandika cha manjano juu ya cha bluu, nikampelekea Dada wa Kompyuta. Saa sita akairudisha na cha waridi. Akasema yeye kazi yake ni kupanga, si kusoma, na kwamba ameipenda sana hii njia mpya ya kufanya kazi. Kwa nini sikuwafundisha mapema?

Kufika saa nane kiwanda kizima kinapiga mpira. Kadi za harusi zilipita mezani kwangu mara tatu, na kila mara zimenenepa kwa vikaratasi. Mzee wa Mitambo, ambaye tangu mwaka juzi hajaniambia zaidi ya "habari", alikuja mwenyewe kutoka nyuma, akaweka kijitabu cha jiko mbele yangu, akasema neno moja: mpira. Akaondoka. Hata mama wa chai alinisogezea kikombe cha maji ya moto, majani pembeni na sukari pembeni, akanikunjulia mikono yake kama mtu aliyemaliza zamu. Wote wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Mtu akibuni kitu, wengine hukiharibu kwa kukitumia ovyo. Na sasa meza yangu ina marundo mawili.

Ijumaa, 7 Novemba

Maji shingoni. Marundo manne. Madam alituma salamu kwamba atapita saa tisa.

Nilifikiri haraka. Droo ya kwanza ilimeza kazi tano, ya pili nne. Chini ya mto wa kiti zikaenda mbili, na kiti kikaacha kuyumba kwa mara ya kwanza. Zilizobaki nikazitia kwenye begi langu kubwa la safari, lile nililoleta asubuhi kwa sababu nilikwisha kuhisi hali ya hewa. Baadaye nikatoa za kwenye droo na za chini ya mto, nazo nikazitia begini, maana Madam ana tabia ya kufungua droo za watu akitafuta kalamu. Jumla kazi kumi na nane, pamoja na nakala ya pili ya kalenda.

Ikabaki nakala ya kwanza, yenye vikaratasi kumi na vinne. Hii niliimaliza kiume. Nilivibandua vyote, nikaandika kikaratasi kimoja kikubwa kwa kalamu nene: "MPIRA UKO KWAKO. MIMI NIMEMALIZA YANGU." Nikatia sahihi chini, ile yangu yenye mkia. Kwa heshima ya msemo wenyewe nikakibandika ndani, kwenye ukurasa wa Machi, kwa gundi ya kweli ili kisirudi na upepo. Nikampelekea Mzee wa Mitambo. Aliuliza kama kuna sahihi. Nikamwonyesha. Akasema kama kuna sahihi basi.

Saa tisa Madam alipita. Meza tupu, inang'aa. Rula alikuwa amezama kwenye karatasi mpaka rula yake haionekani. Madam akaniambia nijiandae kwa Ijumaa ijayo. Nilitembea mpaka nyumbani na begi la kilo kumi bila kuhisi uzito, isipokuwa kwenye bega.

Begi nimelisukuma chini ya kitanda.

Jumapili, 9 Novemba

Nilitoka kunyoa nywele. Niliporudi nilimkuta mke wangu amekaa barazani, begi limefunguliwa, kazi zote kumi na nane zimepangwa sakafuni kwa safu, na yeye ana kalamu nyekundu. Alisema alikuwa anafagia chini ya kitanda.

Nikataka kukasirika. Nikaona uso wake. Sijamwona na uso ule tangu shule yao ifungwe. Alikuwa anapiga mistari, anatia vema, anatia mkasi, anaandika pembeni. Miaka kumi na tatu amesahihisha madaftari na mkono haujasahau. Kwenye kadi za harusi aliandika: "Bibi harusi tumemwona. Bwana harusi yuko wapi?" Kweli, jina lake halikuwepo! Kwenye kijitabu cha jiko: "Hapa mtu anawasha moto kabla ya kuunganisha mtungi. Hatua ya tatu na ya tano zibadilishane, haraka." Kwenye wafuga njiwa: "Kanuni ya saba na ya tisa zinagombana."

Kisha akaishika kalenda. Aprili ilikuwa na siku thelathini na moja. Septemba ilianza siku isiyo yake. Namba ya simu ya chuo ilipungua tarakimu moja. Juu ya jalada akaandika nne kwa kumi, na chini yake: "Rudia."

Alipofika Machi aliweka kalamu chini. Akaniita nikae. Akanisomea, si ile sehemu ya juu, bali ya chini, ile iliyokaliwa na kikombe. Matumizi: msemo huu husemwa na mtu aliyekwisha kutimiza sehemu yake, sasa anamngoja mwenzake atimize yake. Akanitazama. Akasema, "Baba watoto, mtu husema hivyo akiwa amemaliza yake. Wewe umemaliza nini?"

Nilimwambia hayo ni maelezo ya kitabuni. Akauliza, "Na Madam? Umemwambia kweli?" Nikamwambia nimekatwa nywele vibaya, kichwa kinaniwasha, nahitaji kuoga. Nilioga kwa muda mrefu sana.

Jumatatu, 10 Novemba

Ushindi!

Nimerudisha kazi zote kumi na nane ofisini, na badala ya kuzificha nimezipanga mezani moja moja, kalamu nyekundu juu. Madam alipita, akachukua kadi za harusi, akasoma. Akacheka. Akachukua kijitabu cha jiko, hakucheka, akashika kifua. Akasema kitabu hiki kingemlipukia mtu jikoni. Akauliza kama nimefanya haya yote mwishoni mwa wiki.

Nilitaka kumtaja mke wangu. Nia ilikuwepo. Ila mdomo ulikuwa umejaa chai, na nilipomeza Madam alikuwa ameshanipa mkono.

Rula alikuja kuangalia. Alisoma ukurasa mzima wa wafuga njiwa, akachomeka rula mfukoni, akasema hajawahi kuona usomaji mzuri namna hii. Alisema kwa moyo mweupe, bila kejeli. Nilijisikia vibaya kwa muda, mpaka chakula cha mchana hivi.

Nyumbani mke wangu aliuliza kama Madam aliona. Nikasema aliona na alifurahi. Akauliza kama nilimwambia ni kazi ya nani. Nikasema mpira uko… Sikumaliza. Aliondoka na sahani yangu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwisha.

Saa tatu asubuhi Mzee wa Mitambo aliingia na toroli. Juu yake kalenda elfu mbili, zimekatwa, zimetiwa waya, zinanukia wino. Alizichapa Jumamosi, siku ambayo sisi tulikuwa tumelala. Kama kuna sahihi basi.

Nilifungua Machi. Pale chini, mahali pa maelezo ya matumizi, palikuwa na kikaratasi changu. Si kikaratasi chenyewe, picha yake, wazi kabisa, kona moja imejikunja kidogo na kivuli chake. MPIRA UKO KWAKO. MIMI NIMEMALIZA YANGU. Na sahihi yangu yenye mkia. Nikafungua nyingine. Nayo. Nikafungua ya katikati ya toroli, nikitumaini. Nayo.

Nilimuuliza Mzee kwa nini hakukibandua. Akajibu, na huu ndio urefu wa maneno aliyowahi kunipa, kwamba miaka yote kwenye kiwanda hiki, kitu kilichowekwa kwenye ukurasa kwa gundi ni sehemu ya ukurasa. Picha hubandikwa kwa gundi. Namba hubandikwa kwa gundi. Maagizo huandikwa pembeni kwa penseli ya bluu, kwa sababu kamera inayopiga picha ya ukurasa haiioni. Hilo hata mama wa chai analijua. Mama wa chai akasema ndiyo, analijua.

Na Aprili ina siku thelathini na moja.

Mteja, Mwalimu wa chuo cha lugha, anakuja Ijumaa saa nne kuzichukua. Ijumaa ileile. Madam yuko safarini leo na kesho. Hii ndiyo bahati pekee niliyoipata wiki nzima, na nimekata shauri kuitumia.

Alhamisi, 13 Novemba

Mpango ulikuwa hivi. Kuchapa vikaratasi vyeupe elfu mbili vyenye maelezo sahihi ya matumizi, na kuvibandika juu ya vile vyangu, kimoja kimoja. Dada wa Kompyuta alinipangia maneno kwa dakika tano, huku akicheka kwa dakika kumi. Mzee alichapa bila neno. Nikafunga kibwebwe, nikaanza saa tatu na nusu na ndoo ya gundi.

Kufika saa sita nilikuwa nimebandika sitini na moja. Rula alikuja, akanitazama, akavuta kiti. Nilidhani amekuja kunicheka. Akaanza kubandika, rula mkononi, kila kimoja sawasawa. Nikamuuliza kwa nini ananisaidia wakati tunagombea kiti kimoja. Akasema kazi imeharibika, inatengenezwa, basi. Sielewi watu wa aina hii.

Saa tisa tulikuwa tumefikisha mia nne. Nilikuwa nazipanga rundo juu ya rundo, kwa unadhifu, na juu yake nimeweka kopo la wino ili zishikane vizuri. Zilishikana vizuri. Gundi ilipita pembeni, na kalenda mia nne zikawa kitu kimoja kizito, cha mraba, ambacho Rula na mimi tulikibeba pamoja mpaka stoo. Mzee wa Mitambo alikijaribu kwa patasi. Akasema kinafaa kukaliwa.

Zimebaki elfu moja na mia sita, zote na sahihi yangu. Nimemwomba Rula ushauri. Alisema nimwambie Madam ukweli kabla Mwalimu hajafika. Nimemshukuru kwa ushauri, nikaenda kutafuta mwingine.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika hii jikoni.

Mwalimu alifika saa nne kasoro, kabla sijapanga la kusema. Mtu mfupi, mchangamfu, ana mkoba wa ngozi. Madam alimkaribisha, akachukua kalenda ya juu, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu akafungua Januari, akasifu. Februari, akasifu. Machi.

Akasogeza miwani. Akasoma kwa sauti. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu tumbo zima, mpaka akaomba kiti. Akasema miaka yote ya kufundisha msemo huu wanafunzi wake humwomba mfano wa mtu anayeutumia vibaya, na hakuwahi kupata mzuri. Huyu bwana anasema amemaliza yake, na ni wazi hajasoma hata mstari mmoja wa maelezo! Ushahidi wenyewe umefunika maelezo! Alitaka kujua mwenye sahihi ni nani. Wote wakanitazama. Hata Mzee, aliyekuwa ametoka nyuma kwa ajili ya hili tu.

Niliinama kidogo, kwani nilidhani ninasifiwa.

Madam hakucheka. Alikuwa amefika Aprili. Aliniuliza mbona hapa kuna siku thelathini na moja, wakati Jumatatu aliona nakala iliyosahihishwa vizuri, nyekundu kila mahali. Rula akaileta kutoka kabatini. Mwalimu akaichukua, akaona nne kwa kumi, akaona "Rudia", akasema bila kusita kwamba hii ni kalamu ya mwalimu. Mwanafunzi wake yeyote angeitambua kwa kuogopa tu. Akauliza kama mimi ni mwalimu.

Nikasema kwa namna fulani.

Madam akanipa kalamu nyekundu na karatasi. Akaniambia niandike neno moja: Rudia. Nikaandika. Herufi zangu hulalia kushoto. Za mke wangu husimama wima kama darasa zima limeamriwa kusimama. Madam akaweka karatasi mbili pamoja. Rula, ambaye hajui kuacha jambo, akaweka rula chini ya maneno yote mawili.

Nikasema. Nilisema yote, begi, kitanda, baraza, kalamu. Madam akapiga simu nyumbani kwangu palepale. Mke wangu alifika chini ya nusu saa, amevaa gauni lake la kufundishia, barua ya maombi mkononi. Madam akamuuliza kwa nini mtu mwenye jicho kama lake hajawahi kuomba kazi hapa. Mke wangu akajibu kwa adabu, "Niliomba, Madam. Mume wangu ameniambia mpira uko kwako."

Kiwanda kizima kikanigeukia. Hata mashine, nadhani. Niliona aibu, kusema kweli, tena ile inayoanzia masikioni. Nilimtazama mke wangu nikitaka kumwomba radhi mbele ya watu. Yeye alikuwa anasoma tangazo la ukutani, na tayari ameona kosa.

Uamuzi ulitoka saa sita. Mkuu mpya wa kitengo cha prufu ni mke wangu. Rula alipiga makofi wa kwanza. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kukitaka kile kiti, kinamtia kizunguzungu. Mwalimu alichukua kalenda mia moja zenye sahihi yangu kwa ajili ya madarasa yake. Zilizobaki zitachapwa upya, na prufu yake nitaisoma mimi, neno kwa neno, kwa sauti, mbele ya mkuu.

Usiku huu zamu ya vyombo ilikuwa yangu. Niliomba radhi nikiwa naosha vyombo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri, lakini sufuria ile nirudie.

Jumatatu, 17 Novemba

Siku ya kwanza ya mkuu. Tulitembea pamoja mpaka kazini. Mlangoni aliniaga, akaingia chumbani kwake, akafungua dirisha. Akakizungusha kiti mara moja, kwa siri, lakini nilimwona kupitia kioo, na alikuwa anacheka peke yake. Nilifurahi sana. Sikutarajia kufurahi kiasi kile.

Saa tatu aliniletea marundo matatu. Nikamwambia mke wangu, mbona mengi? Akasema hapa aitwe Mkuu. Nikaanza kusoma. Nilisoma kurasa mbili nzima bila kuweka kikombe juu yake.

Ndipo jambo likanijia wazi. Ni nani aliyemwingiza mkuu kwenye kiwanda hiki? Mimi. Begi ni la nani? Langu. Kama nisingepeleka zile kazi nyumbani asingezisahihisha, na kama nisingebandika kile kikaratasi kwa gundi asingepigiwa simu. Ukitazama vizuri, mpango wangu ulifaulu kuliko nilivyoupanga. Na kila mkuu ana naibu. Naibu wa mke ni nani kama si mume wake?

Cheo hicho hakipo kwa sasa. Hilo ni jambo la kiofisi tu, litafuata. Saa sita nilimwendea Dada wa Kompyuta, nikamwomba anipangie kibao cha mlango, kwa herufi kubwa, chenye jina langu na maneno "Naibu Mkuu wa Kitengo". Mzee wa Mitambo amekwisha kukichapa kwenye karatasi ngumu, maana niliweka sahihi. Kesho nitawahi kabla mkuu hajafika, nikibandike kwenye mlango wake, chini ya jina lake, kwa gundi ile ya ndoo. Itakuwa zawadi ya kumshtua. Atafurahi.

Prufu ya kibao sikuisoma. Ni maneno machache tu.